Mteja Asiyelipa na Haki ya Mwenye Kazi ya Uhusiano wa Umma

Jioni moja ya mwaka 2023, baada ya sala ya magharibi, alinijia nyumbani binti wa ndugu yangu marehemu. Akaketi barazani bila ya kulegeza buibui lake, na kahawa aliyotengewa akaiacha mpaka ikapoa. Nikamwuliza, "Mwanangu, una nini?"

"Ami," akasema, "nimefanya kazi miezi mitatu na nimelipwa mmoja. Yule ninayemdai hapokei simu yangu, na yule anayenidai mimi yuko mlangoni kila asubuhi."

Nimemwomba ruhusa nikieleze kisa chake katika kurasa hizi, naye amekubali, kwa kuwa naamini kwamba katika nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili yumo kijana aliyekwisha kufikwa na jambo kama hilo, au atakayefikwa. Jina la mteja sitalitaja. Msomaji atosheke kujua kwamba hayo yalitokea katika mji mmoja wa pwani ya Kenya, na kwamba mtu mwenyewe si fukara.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana mimi nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba binti huyu anafanya "uhusiano wa umma" nilidhani ni kazi ya kusema uwongo kwa malipo, na nikamwambia hivyo mbele ya mama yake, jambo ambalo nalijutia. Mwenye kazi hii huajiriwa na mfanyabiashara, au chuo, au hospitali, au chama, ili amsaidie kujulikana na kuaminiwa na watu. Humwandikia taarifa za kupelekwa magazetini na redioni, humtafutia mwandishi wa khabari wa kuja kumsikiliza, humtayarishia hotuba, hutunza kurasa zake za mtandao, na siku ya balaa, mathalan chakula kimewadhuru wageni au chombo kimezama, humshauri la kusema na namna ya kulisema. Kazi hii ina umri wa miaka zaidi ya mia. Mmarekani mmoja, Ivy Lee, aliyekuwa kwanza mwandishi wa magazeti, aliwapelekea wahariri tangazo mwaka 1906 akiahidi kwamba khabari za wateja wake zitatolewa kwa uwazi na kwa ukweli. Yeye mwenyewe alilaumiwa sana baadaye kwa kutoishika ahadi hiyo, walakini kazi aliyoianza imeenea dunia nzima, na leo vijana wetu wa kike na wa kiume huifanya wakiwa nyumbani kwao, mtaji wao ni simu, kompyuta na ulimi wenye adabu.

Basi binti yetu alipewa kazi na mwenye hoteli moja ya wageni, mtu aliyekuwa sahibu wa baba yake. Wakapatana kwa mdomo, shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa muda wa miezi mitatu. Mwezi wa kwanza akalipwa siku ya mwisho wa mwezi, taslimu, na dua juu yake. Mwezi wa pili akaambiwa asubiri. Mwezi wa tatu akaambiwa asubiri tena, kisha simu ikawa haipokelewi. Deni likasimama shilingi 120,000. Na katika muda huo yeye alikuwa amemwita mpiga picha, kijana wa mtaani kwetu, aje apige picha za hoteli ile kwa siku mbili, akapatana naye kwa shilingi 18,000 akitumai kumlipa kutokana na malipo ya mwezi wa pili. Huyo ndiye aliyekuwa mlangoni kila asubuhi. Kijana naye alikuwa na mke mja mzito, wala hakuwa na kosa lolote.

Hapa ndipo mtu aone uzito wa jambo hili. Mteja mmoja asiyelipa hamdhulumu mtu mmoja. Humfanya mwia wake awe mwiwa wa watu wengine, na aibu hiyo huipokea mtu asiyestahiki.

Nikamwuliza, "Mliandikiana mkataba?"

Akainamisha kichwa. "Ami, ni rafiki wa marehemu baba. Alikuja matangani, akasimama na ndugu zangu kupokea watu. Ningemwambiaje aweke sahihi?"

Jawabu hili nimelisikia kwa watu wengi, wakubwa kwa wadogo, nami sikumlaumu sana, kwani haya ni katika sifa njema alizolelewa nazo. Lakini haya imetumiwa mahali pasipo pake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, haielezi vita wala safari. Inaeleza kuandikiana deni, na mwandishi wake, na mashahidi wake, na wala haikubagua deni dogo na kubwa. Waliofundishwa jambo hilo kwanza walikuwa watu waliojuana na kupendana na kusali safu moja. Kama kuandikiana kungekuwa ni kutukanana, wao wangekuwa wa kwanza kutukanwa. Mtu anayesema, "Baina yetu hapana haja ya karatasi," huenda ni mkweli wa moyo wake siku hiyo. Walakini kumbukumbu yake hupungua, na mahisabu yake hubadilika, na huenda akafa na warithi wake wasijue alichopatana.

Sasa nije kwenye kiini cha shida ya kazi hii, ambacho mimi mwenyewe sikukifahamu mpaka binti huyu aliponieleza mara mbili. Fundi wa kushona akiona mteja hana fedha, kanzu huibakiza kwenye msumari mpaka fedha zije. Seremala huzuia kitanda. Mwenye kazi ya uhusiano wa umma hana cha kuzuia. Taarifa aliyoiandika imekwisha kusomwa. Mwandishi wa khabari amekwisha kuja na kuondoka. Ushauri aliotoa umekwisha kuingia katika kichwa cha mteja na hauwezi kutolewa humo. Kazi ikifanywa vizuri mno, mteja huona kana kwamba watu walimpenda wenyewe kwa uzuri wake. Na ikiwa alizuiliwa asiseme neno la upuuzi siku ya balaa, neno hilo halikusemwa, basi nani atalithamini?

Tena ipo sababu ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo mama wa ugomvi mwingi. Yule bwana alipopatikana hatimaye kwa simu ya mtu mwingine, jawabu lake lilikuwa hili: "Magazeti yameniandika mara mbili tu. Nilitaka kuandikwa kila wiki. Nilipe kwa kitu gani?"

Wanavyuoni wetu wa fikihi wamezitenga zamani namna mbili za kumtumia mtu kwa malipo. Namna ya kwanza ni ijara, yaani kumwajiri mtu kwa kazi inayojulikana, au kwa muda unaojulikana, kwa ujira unaojulikana. Akiifanya kazi hiyo kama ilivyoshurutishwa, ujira ni haki yake. Namna ya pili ni ju'ala, yaani kuweka zawadi kwa atakayeleta jambo fulani, kama vile mtu aliyepotelewa na mnyama wake akatangaza kwamba atakayemrudisha atapata kadha wa kadha. Katika hiyo ya pili, aliyetafuta mwezi mzima na asimpate mnyama hadai kitu. Namna zote mbili ni halali. Balaa huingia pale ambapo mmoja amepatana kwa moyo wa ijara na mwenziwe kwa moyo wa ju'ala, na wala hawakuulizana.

Binti yetu alihesabu kwamba anauza kazi yake: kuandika, kupeleka, kufuatilia, kushauri. Bwana alihesabu kwamba ananunua kurasa za magazeti. Lakini ukurasa wa gazeti si mali ya mwenye kazi hii hata auuze. Mhariri ndiye mwenye neno la mwisho, naye huamka asubuhi akakuta bei ya mafuta imepanda au daraja limekatika, na khabari ya hoteli ikawekwa kando. Anayetaka nafasi ya hakika gazetini hununua tangazo, na hilo ni duka jingine lenye bei yake. Wenye kazi hii duniani walikwisha kuliona jambo hili zamani. Katika kanuni za mwenendo zilizopitishwa Venice mwaka 1961 na chama chao cha kimataifa, mwanachama alikatazwa kumwambia mteja kwamba ujira wake utategemea kupatikana kwa matokeo fulani. Sababu si ngumu kuiona: mtu ambaye chakula cha wanawe kinategemea khabari ichapwe, shetani atamfundisha kumhonga mwandishi au kutia chumvi katika khabari.

Walakini sitaki kumtakasa binti wetu kwa kuwa ni damu yangu. Nilipomwuliza maneno aliyoyasema siku ya kwanza, alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba alimwambia bwana yule, "In shaa Allah katika mwezi mmoja utajiona magazetini mpaka uchoke." Hili lilikuwa kosa. Alitaka kazi, akaahidi kilicho mikononi mwa mtu mwingine, na mteja akaishika ahadi hiyo kama ushahidi. Vijana wengi hufanya hivi, na hata kampuni kubwa hufanya, kwa kuwa ahadi ya matokeo ni tamu na maelezo ya kazi ni makavu.

Ingalitosha karatasi moja, iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachofahamika. Humo ingaliandikwa kazi yenyewe kwa hesabu: taarifa ngapi kwa mwezi, kurasa za mtandao zitatunzwa siku zipi, mikutano mingapi. Ingaliandikwa wazi kwamba kuchapwa kwa khabari ni hiari ya wahariri. Ingalitajwa mtu wa kuidhinisha maandishi, na siku ngapi anazo za kujibu, kwani ziko hila za mteja kukaa na taarifa wiki tatu bila ya kuisoma, kisha akasema hapana kazi iliyofanywa. Gharama za watu wengine, kama mpiga picha, ukumbi na mchapaji, zingaliwekwa mbali na ujira, na zingalilipwa na mteja kabla ya mtu huyo kuitwa. Kama sharti hili moja lingalikuwako, yule kijana asingalisimama mlangoni kwa watu.

Na ujira wenyewe? Mimi nasema ulipwe mwanzo wa mwezi, au nusu mwanzo na nusu katikati. Wako watakaoona kwamba kuomba fedha kabla ya kazi ni tamaa. Lakini kushurutisha ujira utangulizwe ni jambo ambalo wanavyuoni wamelijuzisha pakiwa na mapatano, na mwenye nyumba ya kupanga hulifanya kila mwezi wala hapana anayemwita mwenye tamaa. Kazi isiyoweza kuzuiwa baada ya kufanywa, ni busara ilindwe kabla ya kufanywa. Tena mteja ambaye hawezi kutoa nusu siku ya kwanza, wakati ana haja na wewe, siku ya tisini atatoa vipi?

Nirudi kwenye kisa. Usiku ule ule, tulipokuwa tukizungumza, aliingia kaka yake, kijana mwenye moyo mwema na damu ya moto. Akasema, "Ami, mbona jambo hili ni jepesi! Huyu ana maneno ya siri ya kufungulia kurasa zote za hoteli. Aingie usiku huu, abadilishe maneno hayo, na aandike pale pale mbele ya wageni wote kwamba mwenye hoteli halipi watu. Kesho asubuhi fedha zitakuja mbio."

Naliona uso wa binti ukiwaka kwa kitambo kidogo, maana fikira hiyo ilikwisha kumpitia mwenyewe. Na kwa kweli ni mtihani mkubwa, kwa kuwa mtu aliyefundishwa kumsifu mtu mbele ya umma ndiye aliyefundishwa pia kumfedhehesha. Anajua siri zake: anajua mgeni gani alilalamika, anajua mpishi gani alifukuzwa na kwa nini, anawajua waandishi kwa majina. Lakini funguo hizo alipewa kwa amana, na amana haigeuki kuwa halali kwa sababu mwenye amana amekudhulumu katika jambo jingine. Kanuni zile za mwaka 1961 nazo zilitaka siri za mteja zihifadhiwe, wa sasa na aliyekwisha kuondoka. Na zaidi ya hayo, Kenya ina sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta, ambayo yaadhibu kuingia katika mitambo ya mtu bila ya idhini. Mdai angaliamka siku ya pili naye ni mshitakiwa, na yule bwana angalipata kisingizio alichokuwa akikitafuta.

Nikawaambia wote wawili kwamba kusimamisha kazi ni haki yake, na tena aisimamishe kwa maandishi: kuanzia tarehe fulani sitaandika, sitajibu wageni, mpaka hesabu ilipwe. Lakini maneno ya siri ayarejeshe kwa mwenyewe, na apokee jawabu kwamba yamefika. Kaka yake hakuridhika. Aliondoka akisema kwamba wazee wa siku hizi ni wapole kupita kiasi.

Jambo jingine nililomtaka alitazame kabla ya kudai ni hali ya mdaiwa. Katika Sura ile ile ya Al-Baqara, aya mbili kabla ya hiyo ya kuandikiana, tumeamrishwa kumpa muhula aliye katika dhiki. Wasomaji wetu wa pwani wanakumbuka mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ambapo ndege za abiria kutoka nje zilizuiliwa kuingia Kenya tangu mwezi wa Machi hadi Agosti mosi. Hoteli zilifungwa, watumishi wakarudi makwao, na mwenye hoteli aliyesema siku zile "sina" alikuwa mkweli. Kumpeleka mtu kama huyo mahakamani kungalikuwa ni ukatili. Lakini bwana wetu wa mwaka 2023 alikuwa ameongeza vyumba, na gari lake lilikuwa jipya. Mtu mwenye uwezo anayevuta muda, Mtume wetu (s.a.w.) amekwisha kulieleza tendo lake kuwa ni dhulma, wala si haki kulipaka dhulma hiyo rangi ya dhiki. Njia ya kuwatambua wawili hawa si ngumu sana. Mwenye dhiki hupokea simu, husema "nina elfu tano leo," na huona haya. Mwenye kuvuta muda hutoweka.

Basi tuliketi tukaandika barua. Haikuwa na tusi hata moja, na nilimfutia binti yangu mistari minne aliyoiandika kwa machozi. Ilitaja siku ya mapatano, kazi ya kila mwezi, taarifa kumi na moja zilizoandikwa pamoja na tarehe zake, mara mbili zilizochapwa, mara moja bwana aliyohojiwa redioni, na ujumbe wake mwenyewe wa simu alioandika "nzuri sana, peleka" chini ya taarifa baada ya taarifa. Hapo ndipo tulipogundua kwamba ushahidi ulikuwako muda wote katika simu ya binti, ijapokuwa mkataba haukuwako. Ujumbe wa aina hiyo usifutwe kamwe. Mwisho wa barua iliandikwa jumla ya deni na muda wa siku kumi na nne, na kwamba baada ya hapo jambo litakwenda mahakamani.

Mahakama gani? Shemeji yangu alidhani tungekwenda kwa Kadhi. Lakini katika Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, mahakama za Kadhi zina uwezo juu ya mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Deni la biashara halimo. Kadhi aweza kuombwa ushauri na kusuluhisha kama mzee mwenye heshima, lakini hawezi kutoa hukumu juu yake. Mahali penyewe ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021, kisha ikaenea miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na malipo ya huduma zilizofanywa ni katika hayo. Mtu aweza kusimama mwenyewe bila ya wakili, na sheria inataka shauri liishe katika siku 60. Wengi wa vijana wetu hawajui kwamba mlango huu uko, na wengi wa wateja wao wanafurahi kwamba hawajui. Kwa ndugu zetu wa Tanzania bara, deni dogo la mapatano hupelekwa mahakama ya mwanzo. Na katika nchi zote mbili dai la mkataba lina umri: miaka 6 ikipita, mlango hufungwa.

Wako pia wasomaji wetu waliohamia Uingereza, na kwao kuna jambo la kuangalia. Sheria ya huko ya mwaka 1998 humpa mwenye biashara aliyecheleweshewa haki ya kudai riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya nchi hiyo, pamoja na fidia ya pauni 40, au 70, au 100 kwa kadiri ya ukubwa wa deni. Mwislamu atauliza, na ni haki yake kuuliza, riba hii aifanye nini? Kuiacha riba na kudai rasilimali yake pamoja na gharama alizozipata kweli katika kudai, hapo yuko salama. Na ikiwa anataka sharti la kumtisha mchelewaji, wanavyuoni wanaotunga kanuni za mabenki ya Kiislamu huko Bahrain, katika shirika la AAOIFI, wamejuzisha mdaiwa ajifunge katika mkataba kwamba akichelewa na hali anacho, atatoa kiasi fulani kwa ajili ya mambo ya kheri. Fedha hizo haziingii mfukoni mwa mwia. Nami naona sharti hili lafaa hata katika karatasi ndogo za vijana wetu wa hapa, kwa kuwa humwuma mchelewaji bila ya kumlisha mdai jambo lenye shaka.

Huko New York nako, tangu mwaka 2017, sheria ya mji yamlazimisha mwenye kumtumia mtu huru kwa kazi ya dola 800 au zaidi kuandika mkataba, na kumlipa katika siku 30 baada ya kazi kwisha kama hawakutaja siku nyingine. Asiyelipa aweza kuamriwa kulipa mara mbili. Mwaka 2024 jimbo zima la New York likaifuata njia hiyo. Naitaja ili kijana asidhani kwamba kudhulumiwa huku ni kwa sababu ya rangi yake au mji wake mdogo. Ni ugonjwa wa wateja wa kila mahali.

Barua ilipelekwa siku ya Jumatatu kwa mkono, na nakala yake ikatiwa sahihi na karani wa hoteli. Siku ya Jumatano bwana alinipigia simu mimi, hakumpigia mwenye deni. Akasema kwa huzuni, "Sheikh, ndio tumefika kuandikiana barua, watoto wetu na sisi?" Nikamjibu kwamba mtoto ameandika kwa adabu, na kwamba akipenda tutaketi baada ya sala ya alasiri kwenye baraza ya mzee mmoja anayemheshimu. Akaja. Akarudia maneno yake ya magazeti. Binti, aliyekuwa ameketi ndani ya pazia pamoja na mama yake, akasoma kwa sauti tarehe moja baada ya moja na jawabu la bwana chini ya kila tarehe. Alipofika ya saba, mzee akamwinulia mkono anyamaze, akamgeukia bwana, akamwuliza swali moja tu: "Siku ulipomwambia 'nzuri sana, peleka,' ulikuwa ukimwambia nani?"

Bwana hakujibu mara moja. Kisha akasema kwamba mwezi ule hali haikuwa nzuri, jambo ambalo hatukuliamini, na kwamba atalipa kwa mafungu matatu ya shilingi 40,000. Tukaandika. Yeye akatia sahihi, na mzee akashuhudia pamoja na jirani. Fungu la kwanza lilikuja siku iliyoandikwa. La pili lilichelewa siku tisa. La tatu, hadi ninapoandika haya, amelipa nusu yake, na binti anamkumbusha kila tarehe mosi kwa ujumbe mfupi wenye salamu.

Tangu siku hizo amekwisha kuonana na wateja wawili wapya. Wa kwanza alipooneshwa karatasi alicheka, akasema hafanyi kazi na watu wasiomwamini, akaenda zake. Mama yake binti alisikitika usiku ule kuona kazi imepita. Wa pili, mwenye chuo cha mafunzo ya wauguzi, aliisoma mpaka mwisho, akabadilisha siku za kuidhinisha kutoka tatu kuwa tano, akatia sahihi na kutoa nusu.

Ama fungu lile la kwanza la yule bwana, lilipotoka mikononi mwake binti hakukaa nalo. Alichukua shilingi 18,000, akamwita ndugu yake wafuatane, wakaenda hadi kwa mpiga picha. Yule kijana alikuwa amekwisha kuzikatia tamaa. Alizihesabu mara mbili pale pale mlangoni, kisha akaingia ndani kumwonesha mkewe.